Pumzi Baada ya Wimbo wa Pili

Pumzi ile ilikuwa baada ya wimbo wa pili. Gitaa lilikwisha kunyamaza, ngoma zimekata, na kabla wimbo wa tatu haujaanza mtu alivuta pumzi ndefu, kama anayejiandaa kusema neno. Halafu hakusema.

Radjabu ndiye aliyeisikia kwanza, maana kazi yake ilikuwa kusikia. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, fundi wa sauti mpole, na kila alipoketi mbele ya mashine zake alianza kwa Bismillahi ya sauti, hata kama siku hiyo alikuwa anasafisha makelele ya vijana wa Kidenmarki waliovaa ngozi na misumari. Aliikata pumzi ile, akafunga kazi, akaenda kwake. Kesho yake akaikuta tena. Sasa ilikuwa baada ya wimbo wa nne.

"Grand, kuya usikie," alimwita mwajiri wake, Constant. "Jana nilitoa hii kitu. Niliitoa kabisa. Leo imehama."

Constant alivaa hedifoni, akasikiliza, akacheka. "Njo Preben huyo, mwimbaji. Anataka kuimba, anasahau maneno. Iache. Bantu ba hii musiki banapendaka bintu kama hivi."

"Miye sitaki kuiacha."

"Juu ya nini?"

Radjabu alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Pumzi ya muntu inaingia, alors inatoka. Nimeisikiliza hii tokea asubui. Inaingia tu."

Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma, chini kabisa ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kuwa fleti, huko Saint-Gilles, Brussels, karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Treni zikipita, vikombe vilitikisika. Humo Constant Banza alikuwa akifufua santuri zilizosahauliwa. Alitafuta kanda za bendi ambazo hata majirani zao hawakuzijua, Radjabu akazisafisha, kiwanda kikachapa, naye akawapelekea wapenzi wachache waliotawanyika duniani. Lakini kanda hii haikuwa kama nyingine. Hii ilikuwa ya bendi ya Jernkær.

Constant alipokuwa na miaka kumi na mitano, Lubumbashi, mtaa wa Kenya, binamu yake Mwenze alirudi kutoka Ulaya na kaseti iliyonakiliwa mara nyingi mpaka nyimbo zikawa kama zinapigwa chini ya maji. Vijana wanne wa mji mdogo wa Denmark, rekodi tatu za majaribio zilizofanywa katika handaki la kuhifadhia viazi, kisha kimya. Baba yake Constant alikuwa shemasi. Kaseti ile ilisikilizwa nyuma ya jiko, sauti chini. Wenzake walicheza rumba. Yeye alipenda mngurumo ule, na zaidi ya mngurumo aliipenda sauti ya Preben, iliyopanda kama mtu anayevutwa nywele. Alikuwa sasa ametimiza hamsini na ushee, na miaka chungu nzima alikuwa amemwandikia mpiga ngoma wao, mzee Henning, akimwomba kanda za asili. Mzee hakuwahi kujibu. Halafu, mwanzoni mwa vuli, sanduku lilifika bila kutangazwa, na kikaratasi: *Chukua. Usinirudishie.*

Constant aliuona huo kuwa ukarimu.

Sanduku lilipofunguliwa ilitoka harufu ya nywele zilizolowa, nywele za mtu aliyezama. Haikuondoka. Ilishika kwenye makoti, na jioni mkewe Mwadi alimpokea mlangoni, akamnusa shingoni.

"Papa Aristote, umetoka wapi na hii harufu?"

"Kanda ya zamani, chérie. Unyevu tu."

Mwadi alikuwa akihudumia wazee huko Ixelles siku za kazi, na Jumapili alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yao. Akiosha vyombo aliimba, na jirani wa juu, Mbelgiji asiyeongea na mtu, alikuwa akizima televisheni yake amsikilize. Constant hakuwa mtu wa kanisa sana. Alimwoa kwa ile sauti, na hakulificha jambo hilo.

Radjabu alimaliza kazi, faili likaenda kiwandani. Haikupita muda Warda, mkewe Radjabu, akapiga simu.

"Tonton Constant, Radjabu hasemi."

"Amekasirika?"

"Hapana. Hasemi. Aliamka, anafungua kinywa, hakuna kitu. Tumeenda kwa daktari, wameingiza kamera mpaka ndani. Wanasema koo ni zuri kabisa." Akaendelea polepole kama anayeona haya. "Anaandika neno moja tu. Anaandika: imetoka."

Constant alikwenda kumwona. Radjabu alimshika mkono, akamtazama kwa macho ya mtu aliye upande wa pili wa kioo kinene. Constant alirudi nyumbani akijiambia kwamba ni mishipa, ni uchovu, ni baridi ya hapa.

Nakala ya majaribio ikafika kutoka kiwandani. Jumapili mchana, baada ya chakula, Constant aliiweka kwenye mashine ya santuri sebuleni, akakaa kwenye kiti chake akiwa na furaha ya mtoto. Gitaa likaingia. Ngoma zikaingia. Alifumba macho. Wimbo wa pili ukaisha, na katika ule ukimya, chini kabisa, mtu alisema: "Bismi..."

Akakatika. Akavuta pumzi. Akaanza tena: "Bismi..."

Hakuweza kulimaliza. Mara ya tatu, mara ya nne, kila mara lilifika palepale na kugonga, kama mtu anayejaribu kuingiza ufunguo usio wake kwenye mlango wa mwingine, na ile sauti, wala hakukuwa na shaka, ilikuwa ya Radjabu.

Mwadi alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi. "Ile njo Radjabu."

"Aliacha mikro wazi wakati anatumika kazi. Imeingia mu kazi. Ni kosa ya kawaida."

"Muntu hasemi mu nyumba yake, na hapa anasema?" Mwadi aliongea kwa kunong'ona. "Papa Aristote, njoo nikuangalie. Ubaambie bantu ba kiwanda basimame. Ile kitu haiko ya kutuma ku bantu."

"Sawa."

"Sema kweli."

"Nimesema sawa, Mama Aristote. Kesho nitabaambia."

Na kesho yake, katika chumba cha nyuma, Constant alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Alifikiria kaseti ya nyuma ya jiko. Aliwafikiria wale waliokuwa wakimwandikia kila juma, lini, lini. Akaandika kiwandani kwamba nakala ni nzuri, waendelee.

Masanduku yalipoletwa yalijaa ukumbi wote wa nyumbani, kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo. Mwadi aliyakuta akitoka kazini. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi na koti lake, akayatazama.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo," alisema Constant.

Alikaa hivyo mpaka kibaridi kikamwingia. Kisha, kwa kuwa mgongo wa mumewe ulikuwa mbovu na gari la vifurushi lilikuwa linakuja asubuhi, alivua koti akaanza kumsaidia kufunga. Ilikuwa Desemba, saa za jioni ambapo Brussels huingia giza mapema na taa za barabarani huwaka kabla watoto hawajatoka shule. Walifunga bila kusemezana. Baadaye, kama kawaida yake mikono ikishika kazi, Mwadi alianza kuimba wimbo wa kwaya, chini kwa chini, kinywa kimefumba.

Sauti ya pili ikaingia chini yake.

Iliingia vizuri, mahali pake hasa, kama mwimbaji mzoefu anayeshika nafasi ya kati, na Mwadi alitabasamu bila kuinua uso, akidhani ni mumewe anaomba msamaha kwa njia hiyo. Na Constant, aliyekuwa mwisho wa ukumbi na gundi mkononi, alidhani ni mwangwi wa zile kuta ndefu, mpaka Mwadi alipoinua kichwa na kumwona midomo yake imetulia, akaacha kuimba ghafla, na ile nyingine haikuacha, iliendelea peke yake kutoka mahali fulani kati ya masanduku, ikamaliza ubeti, ikavuta pumzi, na harufu ya nywele zilizolowa ikajaa ukumbini kana kwamba mtu amepita katikati yao akiwa anachuruzika maji.

"Yesu," alisema Mwadi.

Hilo ndilo neno la mwisho Constant alilomsikia akilitamka kwa kinywa chake.

Asubuhi gari la vifurushi lilikuwa limekwisha kuja na kuondoka, Constant ameamka mapema kuwafungulia, aliporudi chumbani akamkuta mkewe ameketi kitandani, mikono shingoni. Alifungua kinywa kumwita. Ikatoka hewa tu.

Hospitali waliwaambia yaleyale aliyoambiwa Radjabu: koo zuri kabisa. Labda mshtuko. Mchungaji wao alikuja, akaomba akitokwa jasho. Kabla hajafika mwisho, mtu alisema amina sebuleni, ambako hakukuwa na mtu, na mchungaji alisahau kofia yake.

Jumapili iliyofuata Aristote, mtoto wao aliyekuwa akisoma Liège, alipiga simu. Constant aliiweka mezani wasikie wote wawili.

"Papa, juu ya nini Maman hajibu message zangu?"

Mwadi alikuwa ameinamia simu, machozi yanamtiririka, midomo inahangaika. Na hapo, kutoka kwenye spika za sebuleni, ambazo Constant alikuwa amezing'oa nyaya kwa mikono yake, sauti ya Mwadi ikasema, laini, yenye kicheko ndani yake:

"Aristote, mutoto yangu. Ulikula?"

"Ah, Maman! Uko hapo. Nilianza kuogopa. Ndiyo, nilikula."

"Imba kidogo na mama."

Constant aliikata simu kwa kiganja, kwa nguvu, hata kioo kikapasuka. Mwadi alikuwa amejiziba kinywa kwa mikono miwili, kana kwamba ni yeye aliyesema.

Siku hiyohiyo Constant alimpigia Henning. Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza, na mzee alikohoa kwanza, muda mrefu.

"Umechapa?"

"Nimechapa. Nimekwisha kutuma. Niambie kuna nini katika kanda ile."

"Rekodi ya mwisho," alisema Henning, "Preben hakuimba."

"Nimemsikia Preben. Namjua tangu utoto."

"Sauti ni ya Preben. Preben mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi za handaki, kinywa kimefumba, anatutazama. Alikuwa amekwisha kunyamaza wiki kadhaa. Tulikuwa tumechimba sakafu tuipanue studio, tukafika kwenye maji meusi, na tangu siku ile kulikuwa na mtu aliyevuta pumzi kila tuliponyamaza. Basi tukawa hatunyamazi. Halafu ikaanza kuimba. Ilikuwa inaimba vizuri, kijana. Tulisogeza mikro, tukarekodi."

"Preben alipona?"

"Aliishi miaka mingi bila neno. Nilimzika mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikaa nayo maisha yangu yote chini ya nyumba, sanduku moja, kufuli moja. Nilikuwa nakaribia kufa, na sikutaka kufa humo ndani pamoja nayo." Mzee alikohoa tena. "Na kama ningekuambia, ungeacha?"

Constant aliishika simu sikioni. Alisikia mzee akingoja jibu, kisha akasikia simu imekatwa.

Warda ndiye aliyemleta sheikh Abdul-Aziz. Alikuwa mjomba wake Radjabu, muuza manukato na mikeka ya kusalia katika duka jembamba huko Saint-Josse, na watu wa Bujumbura walimjua kwa mambo haya. Alikuja nyumbani kwa Constant baada ya alasiri, jaketi la mvua juu ya kanzu. Aliwaketisha Radjabu na Mwadi kwenye viti viwili, akaiweka kanda ya asili mezani mbele yao, akanusa hewa, akakunja uso.

"Musiogope," aliwaambia. "Mukisikia sauti zenu, musizifuate."

Akaanza kusoma. Alisoma kwa utulivu wa mtu aliyezoea, na mwanzo hakukuwa na kitu ila treni za mbali na maji ya mvua dirishani. Kisha harufu ikapanda kutoka sakafuni, mbichi, nzito, zile spika zisizo na nyaya zikaanza kuguna kama kifua cha mgonjwa, na akazungumza kijana kwa Kidenmarki, haraka haraka, akilia, akakatizwa na Radjabu, Bismi, Bismi, Bismi, huku Radjabu mwenyewe akitetemeka kwenye kiti na Warda amemshika mabega, na sheikh akapandisha sauti, na kadiri alivyopandisha ndivyo ile nayo ilivyopanda, zikagombana chumbani mpaka jirani wa juu akagonga sakafu, na ghafla kila kitu kikanyamaza, na sauti ya Mwadi ikasema kutoka kwenye spika, kwa upole kabisa:

"Unachoka bure, papa."

"Uko nani?" aliuliza sheikh.

"Niko mugeni. Balinikuta mu maji, bakanipatia mulango."

"Toka. Kwa jina la aliyekuumba, toka."

"Nitoke mu nyumba gani?"

Sheikh alinyoosha kidole kwenye kanda. "Mu hii."

Sauti ilicheka. Kilikuwa kicheko cha Mwadi cha harusini, Constant alikitambua. "Ile? Ile nilishahama."

Sheikh alibaki na kidole hewani. Kisha akageuka kumtazama Constant, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mzee aliyechoka.

"Bwana Constant. Hii kitu ulitengeneza ngapi?"

"Cinq cents. Mia tano."

"Ziko wapi?"

"Kila mahali. Poland. Brazil. Japan. Zingine Gand hapa Ubelgiji, zingine Canada. Zimebaki chache hapa."

Abdul-Aziz alifunga msahafu. Aliufunga katika kitambaa chake taratibu, kona kwa kona.

"Jini wa nyumba moja ninajua kumutoa," alisema. "Ninaziba mulango, ninamufukuza. Huyu mumemujengea muji."

"Na bibi yangu?" Constant alisema. "Na Radjabu?"

"Tutaendelea kuwasomea. Nitakuja kila wiki." Alisema hivyo akivaa jaketi, na alipopita mbele ya Mwadi hakuweza kumwangalia machoni.

Constant aliichoma kanda nyuma ya nyumba, katika ndoo. Zile santuri zilizobaki alizivunja moja moja kwa goti, pamoja na nakala ya majaribio, vipande akavitupa. Aliwaandikia wanunuzi wote warudishe, tafadhali, kuna hitilafu, kuna hatari. Walidhani ni mbinu ya kuipamba bendi. Hakuna aliyerudisha. Kijana wa Kraków alijibu akimpongeza, akauliza ni nani yule mwanamke anayeimba mwishoni mwa upande wa pili, maana jina lake halipo kwenye jalada na hajapata kusikia sauti nzuri kama ile. Mwanamke mmoja wa Brazil aliandika kwa tafsiri ya mashine kuuliza kama kuna wateja wengine waliougua koo, kwa sababu mume wake hajasema tangu Jumamosi. Constant aliisoma barua hiyo mara nyingi.

Sheikh alikuja mara nne. Mara ya tano alituma udhuru. Radjabu alirudi kazini, kazi nyingine, kupanga bidhaa katika duka kubwa, mahali pasipohitaji neno. Mwadi aliacha kwaya, kisha akaacha kwenda kanisani, kisha akawa anakaa dirishani siku nzima akiangalia mtaa, mikono mapajani. Constant alimpikia, akamsuka nywele vibaya, akamsomea ujumbe wa Aristote. Nyumba ilikuwa kimya, na spika alikwishazitupa. Wakati mwingine, akiwa jikoni, alijikuta amesimama na sufuria mkononi akitega sikio, na alijua anategea nini, akaona aibu.

Siku moja mwanzoni mwa Machi mtu wa vifurushi alibonyeza kengele. Kifurushi kilikuwa cha bapa, cha mraba, kimetoka Gand kwa mtu binafsi, na jina lililoandikwa juu lilikuwa la Mwadi.

Mwadi alitokea nyuma ya Constant ukumbini kabla hajasema kitu, akakichukua mkononi mwake. Hakuwa na haraka. Alikuwa amenunua na spika pia, ndogo, za mitumba. Constant alizikuta sebuleni zimekwisha kuunganishwa kwenye ile mashine ya zamani, hakujua tangu lini.

"Mwadi," alisema. "Hapana. Nakuomba."

Mkewe alimtazama, na katika uso wake hakukuwa na wazimu wala hofu. Kulikuwa na hamu tu, kama ya mtu mwenye njaa aliyesikia harufu ya chakula cha kwao. Aliitoa santuri kwenye jalada akiishika kwa kingo, jinsi alivyomwona mumewe akifanya miaka yote ile, akaigeuza upande wa pili, akashusha sindano mwishoni kabisa.

Ilivuta pumzi. Halafu ikaimba.

Haukuwa wimbo wa kwaya, wala wimbo wowote ambao Mwadi aliwahi kuuimba jikoni au kanisani. Ulikuwa mpya, mrefu, mzuri kupita vyote, na jirani wa juu alizima televisheni yake. Constant alitaka kuiondoa sindano. Mkono haukwenda. Ilikuwa karibu miezi mitatu hajaisikia.

Mwadi alivuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake, akakipigapiga kwa kiganja. Constant akaketi.

"Papa Aristote," iliita sauti kutoka kwenye santuri. "Uko hapo?"

Aligeuka kumtazama mkewe. Midomo ya Mwadi ilikuwa inatamka maneno yaleyale, neno kwa neno, kwa tabasamu lilelile. Ilikuwa inafunguka baada ya sauti, kidogo tu, kama mwanafunzi anayemfuatisha mwalimu wake.